Harufu Isiyoondoka kwa Sabuni: Tuijue na Tuitibu Vajinosisi ya Bakteria



Dada zangu, nanyi kaka zangu msiufunge ukurasa. Somo la toleo hili ni la afya, lakini linagusa twahara yetu, swala zetu na ndoa zetu. Nililitoa kwanza katika halaqa ya akina dada. Tulipomaliza, dada wanne walinisubiri nje, kila mmoja peke yake, na wote wanne walikuwa na swali lile lile. Nikaona ni bora niliandike, ili na yule ambaye hakuthubutu kunisubiri alipate.

Nianze na yangu.

Nikiwa mwaka wa pili hapa Kampala, nilianza kuona ute mwepesi wa rangi ya kijivu katika nguo ya ndani. Haukuniwasha wala kuniuma. Tatizo lilikuwa harufu: shombo, kama ya samaki aliyelala, na ilizidi siku za hedhi. Nilifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Niliosha. Nilianza na sabuni ya kawaida, nikahamia maji ya limau, kisha nikanunua sabuni ya maji yenye manukato iliyoandikwa kuwa ni ya wanawake. Nilikuwa naosha hadi ndani, kwa kidole, asubuhi na jioni. Harufu ilitulia siku moja au mbili, kisha ikarudi na nguvu zaidi.

Nikaacha kusimama safu ya mbele msikitini. Nikawa naswali nyuma kabisa, karibu na viatu, baadaye nikawa naswali chumbani peke yangu. Kwa swala moja naweza kuchukua udhu mara tatu. Kuna siku ziliingia na kutoka bila mimi kuswali kabisa, kwa kudhani kwamba mtu mwenye hali ile hana twahara. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilikwenda duka la dawa. Muuzaji hakuniuliza chochote, na mimi kwa aibu nilisema tu, "Nina uchafu ukeni." Akanipa dawa ya fangasi. Nikamaliza, haikusaidia. Nikarudi, nikapewa ile ile. Kwenda hospitali niliogopa, si kwa sababu ya sindano, bali kwa sababu ya swali: wataniona mimi ni msichana wa namna gani? Sijaolewa, navaa hijabu, nina ugonjwa wa huko.

Mwezi wa tano ndipo rafiki yangu wa chumbani aliponishika mkono tukaenda zahanati moja. Tabibu alikuwa mama mtu mzima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, unajiosha na nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hebu acha hiyo yote. Tupime kwanza." Kipimo kilichukua muda mfupi kuliko foleni. Akaniambia ni vajinosisi ya bakteria, akanipa vidonge vya siku saba, na kabla sijatoka akaongeza neno ambalo sikumwomba: "Na usidhani nakushuku. Hii huwapata hata wasiomjua mwanamume."

Nililia mle ndani. Miezi mitano nimejificha, na tiba yenyewe ilikuwa ya wiki moja. Sasa niko mwaka wa nne wa uuguzi, na haya ndiyo ninayotaka kila dada wa chuo hiki ayajue.

Ni ugonjwa gani huu?

Allah ameuumba uke na ulinzi wake. Ndani yake wanaishi bakteria wema waitwao laktobasili. Kazi yao ni kutengeneza asidi, ile ile inayofanya maziwa ya mtindi yawe machachu. Asidi hiyo hufanya mahali pale pawe pagumu kwa vijidudu vingine kustawi. Wataalamu hupima uchachu huo kwa kipimo cha pH. Uke wenye afya wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwa chini ya 4.5.

Vajinosisi hutokea pale laktobasili wanapopungua na bakteria wengine, wasiopenda hewa, wanapoongezeka na kuchukua nafasi. Mmoja wao anajulikana sana, Gardnerella vaginalis, aliyepewa jina la daktari Gardner ambaye pamoja na mwenzake Dukes aliuandika ugonjwa huu huko Marekani mwaka 1955. Lakini si kijidudu mmoja; ni jamii nzima iliyovurugika mizani yake. Kwa hiyo si uchafu wa mwenye mwili. Dada msafi kuliko wote katika hosteli anaweza kuupata, na pengine akaupata kwa sababu ya kuosha kupita kiasi.

Wala si ugonjwa adimu. Duniani hukadiriwa kuwa kati ya wanawake 23 na 29 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanao. Hapa Uganda, utafiti wa wilaya ya Rakai uliochapishwa mwaka 1997, ukiongozwa na Profesa Nelson Sewankambo wa Makerere, ulikuta zaidi kidogo ya nusu ya wanawake waliopimwa wana hali hii. Ukipanga safu moja ya akina dada katika swala ya Ijumaa, uwezekano ni mkubwa kwamba si wewe peke yako.

Utautambuaje?

Kwanza tujue kwamba kutokwa na ute peke yake si ugonjwa. Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya, unaobadilika kulingana na siku za mwezi, ni wa kawaida. Tazama linapobadilika lile ulilolizoea wewe mwenyewe. Magonjwa matatu ndiyo huchanganywa mara nyingi:

1. Vajinosisi ya bakteria: ute mwepesi, wa kijivu au mweupe uliofifia, unaosambaa sawasawa. Harufu ya shombo, hasa wakati wa hedhi na baada ya tendo la ndoa, kwa sababu damu na manii hupunguza asidi. Kwa kawaida hakuna muwasho mkubwa wala maumivu.

2. Fangasi: ute mzito, mweupe, wenye mabonge kama maziwa yaliyoganda. Muwasho mkali, wekundu, kuchoma wakati wa kukojoa. Kwa kawaida hakuna harufu mbaya.

3. Trikomona: ute wa manjano au kijani, mara nyingine wenye povu, pamoja na harufu na muwasho. Huu huambukizwa kwa kujamiiana, na wanandoa hutibiwa wote wawili.

Kumbuka mambo mawili. Takriban nusu ya wenye vajinosisi hawana dalili yoyote. Na dalili hizi huingiliana, tena mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Kwa hiyo orodha hii ni ya kukupeleka kupima. Si ya kukufanya uwe daktari wako mwenyewe mbele ya muuza dawa, kama nilivyofanya mimi.

Huletwa na nini?

Sababu iliyo wazi zaidi kwetu ni kuosha ndani. Sabuni, limau, siki, dawa za kuua vijidudu, marashi, mafusho ya udi: vyote hivi vikiingia ndani huwaondoa au kuwaumiza laktobasili. Harufu ikirudi, mtu huosha zaidi, na kwa kuosha zaidi huwamaliza waliobaki. Mimi nilizunguka humo miezi mitano. Uke hujisafisha wenyewe. Ute wa kawaida ndio maji yake ya kuoshea.

Wengine watasema, mbona tumeamrishwa twahara? Ndiyo, na istinja ni sehemu yake. Lakini istinja ni kuosha sehemu ya nje kwa maji, na mwanamke hakutakiwa kuingiza kidole au sabuni ndani. Ile sunna ya kutumia kipande cha pamba chenye miski baada ya kuoga hedhi ni ya kufuatisha athari za damu mara moja damu inapokatika. Hakuna anayeweza kuifanya dalili ya kujiosha kwa manukato asubuhi na jioni mwezi mzima.

Sababu nyingine ni tendo la ndoa, hasa kwa mume mpya, na ndiyo maana maharusi wengi huupata miezi ya mwanzo na kuanza kutafuta mchawi. Uvutaji wa sigara na kitanzi cha shaba cha kupanga uzazi navyo vimehusishwa nao. Lakini asiyewahi kuingiliwa pia huupata, ingawa ni kwa uchache. Kwa hiyo mzazi, mume au kiongozi wa dada asije akaifanya karatasi ya maabara kuwa ushahidi wa zinaa. Kumtuhumu mwanamke aliyehifadhi heshima yake ni katika madhambi makubwa, na vajinosisi haithibitishi lolote.

Hupimwaje?

Tabibu huchukua ute kwa kijiti cha pamba. Tangu mwaka 1983 kuna alama nne zinazotumika, zinazoitwa vigezo vya Amsel: ute mwepesi unaosambaa sawasawa, pH iliyozidi 4.5, shombo linalofumka ute ukitiwa tone la potasiamu haidroksidi, na kuonekana kwenye hadubini kwa seli za uke zilizofunikwa na bakteria hata kingo zake hazionekani. Zikipatikana tatu kati ya nne, jibu limepatikana. Maabara nyingine hupaka ute kwenye kioo na kuhesabu aina za bakteria kwa alama za Nugent, kuanzia 0 hadi 10. Kuanzia 7 ni vajinosisi.

Dada ambaye hajaolewa, usiogope. Mwambie tabibu mapema. Si lazima kuingiza chombo. Ute unaweza kuchukuliwa kwa kijiti chembamba, na sehemu nyingi hukuruhusu ukichukue mwenyewe. Una haki ya kuomba tabibu mwanamke, na kuomba rafiki au muuguzi akae nawe. Akikosekana mwanamke, wanachuoni wameruhusu kufunua kwa ajili ya tiba kwa kiasi cha haja tu.

Ukifika, usiseme "nina uchafu" ukanyamaza. Sema ulianza lini, rangi gani, harufu ipo au haipo, unawashwa au huwashwi, umetumia dawa gani, na kama una ujauzito au unaweza kuwa nao. Maelezo ya dakika mbili yangeniokolea mimi pesa za dawa mbili za fangasi.

Hutibiwaje?

Dawa ya kwanza ni metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl. Kwa kawaida ni miligramu 400 au 500, mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Vidonge vyetu vingi ni vya miligramu 200, kwa hiyo uliza dozi yako ni miligramu ngapi. Usihesabu vidonge kwa kumwiga mwenzako. Dozi moja kubwa ya gramu 2 inayomezwa mara moja haifanyi kazi vizuri kama ya siku 7. Njia nyingine ni jeli ya metronidazoli ya kuweka ukeni kwa siku 5, au krimu ya klindamisini kwa usiku 7. Wanandoa wajue kwamba krimu hiyo hulegeza mpira wa kondomu.

Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, huweza kuleta kichefuchefu na kufanya mkojo uwe mweusi kidogo. Imeze pamoja na chakula. Mwambie tabibu ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Harufu huweza kuisha siku ya tatu. Usiache dawa siku ya tatu. Na usimpe mwenzako vidonge viwili vilivyobaki. Nusu dozi kwako na nusu dozi kwake ni watu wawili wasiopona, na bakteria wanaozoea dawa.

Je, habbat sauda, asali, mtindi, kitunguu saumu? Kula na unywe, vina kheri yake. Lakini usivitie ukeni. Kitunguu saumu kinaweza kuchoma, asali na mtindi huingiza vijidudu vingine, na hakuna kimojawapo kinachoweza kuchukua nafasi ya dawa. Aliyetufundisha kuipenda asali, rehema na amani zimshukie, ndiye pia aliyetuamrisha kutafuta tiba.

Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa huupata tena ndani ya mwaka. Ukirudi si adhabu, wala si dalili kwamba dawa ilikuwa bandia. Rudi upimwe; ipo mipango ya tiba ya muda mrefu zaidi.

Kwa nini tusipuuze?

Wakati mwingine huisha wenyewe, ni kweli. Lakini kwa mjamzito umehusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Hurahisisha kuambukizwa magonjwa ya zinaa, na virusi vya UKIMWI vikiwemo. Utafiti wa Rakai nao ulikuta uhusiano huo. Pia huambatana na maambukizi ya kizazi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiwa na maumivu chini ya kitovu, homa, vidonda, damu isiyo ya hedhi, au ukiwa mjamzito.

Ibada zangu je?

Hapa ndipo maswali ya dada wale wanne yalipokuwa. Mimi si mufti. Ninafikisha tulivyofundishwa na ustadha wetu, na mwenye hali yake maalumu amuulize mwalimu wake.

Vajinosisi si hedhi. Haiondoi wajibu wa swala, wala ute wake haulazimishi josho. Ukitoka, kwa wanachuoni walio wengi, udhu unatenguka: osha nje kwa maji, badilisha nguo au weka pedi, chukua udhu, swali. Ikiwa unatoka mfululizo hata hupati nafasi ya kuswali bila kutokwa, fuata njia ya mwenye istihadha: subiri wakati wa swala uingie, jisafishe, jihifadhi, chukua udhu, swali faradhi yako, wala usikate swala kwa kitakachotoka baada ya hapo. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na damu isiyokatika, akamweleza kuwa ile ni ya mshipa na si hedhi, na akamwelekeza aswali nje ya siku zake za hedhi. Ikiwa mwenye damu hakuruhusiwa kuiacha swala, mwenye ute aiache kwa nini? Natamani mtu angeniambia hili nikiwa mwaka wa pili.

Katika Ramadhani, dozi ya mara mbili kwa siku inaangukia vizuri futari na daku. Sisi tulio karibu na ikweta, mchana na usiku wetu unakaribiana. Dawa za kuweka ukeni, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1997 limesema hazifunguzi, na katika madhehebu ya Shafi inayofuatwa na wengi wetu, hufunguza. Iweke usiku, utakuwa salama kwa kauli zote mbili.

Neno kwa kaka zangu

Mkeo akikwambia ana tatizo hili, usimuulize amelitoa wapi. Mpeleke hospitali, ukae naye kwenye foleni. Zamani tulifundishwa kwamba kumtibu mume hakusaidii. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia, uliohusu wanandoa na wenza wa mtu mmoja kwa mmoja: wanaume walipopewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka kwa siku 7, ugonjwa uliwarudia wanawake 35 kwa kila 100 ndani ya wiki 12, ambapo mwanamke alitibiwa peke yake, uliwarudia 63. Kwa hiyo ukirudi rudi, mwendeeni tabibu wote wawili na mumuulize kuhusu tiba hiyo.

Mwisho

Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Ummu Sulaym alimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo la faragha kabisa, mbele ya wengine, na sisi tunaoga hadi leo kwa jibu alilopewa. Haya ni katika imani, lakini haya inayomfanya dada aswali karibu na viatu, au asiswali kabisa, imepotea njia.

Safu ya mbele nimerudi. Kama ulihama wewe, nenda kapime, kisha urudi.

Maswali ya halaqa

1. Taja tofauti tatu kati ya vajinosisi na fangasi.
2. Kwa nini kuosha ndani huongeza tatizo badala ya kuliondoa?
3. Dada anatokwa na ute mfululizo na adhana ya Adhuhuri imetoka. Aeleze hatua zake hadi salamu ya mwisho.
4. Je, akina dada wa jumuiya wafanye nini ili mgeni wa mwaka wa kwanza ajue wa kumwendea?

Allahumma, Mola wa watu, tuondolee maradhi yetu na uwaponye wagonjwa wetu wa dhahiri na wa siri. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.